Kuibua alama za vidole kwenye karatasi: mwongozo kwa maabara za pwani

Alama ya kidole iliyoachwa kwenye glasi au mlango wa friji hukaa juu juu. Unga mweusi na brashi laini vinatosha kuionyesha. Karatasi ni habari nyingine. Jasho likigusa karatasi, boksi, bahasha ya kaki au ubao usiopakwa rangi, linanywewa na nyuzi muda si mrefu, na ukipitisha unga hapo utaambulia kuchafua tu. Hapo ndipo kemia inapohitajika: tunakitafuta kile kilichobaki ndani ya nyuzi baada ya maji kukauka, kisha tunakipa rangi.

Mwongozo huu ni kwa walimu wa kemia, wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na vijana wanaoiwazia kazi ya uchunguzi wa jinai, hasa walioko Tanga na ukanda wetu huu. Pwani naitaja kwa makusudi. Maelekezo mengi ya fani hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako hewa ya ndani ya nyumba ni kavu na kazi yao kubwa ni kuongeza unyevu. Sisi unyevu tunao wa kumwaga, na dawa zenyewe hazipatani juu yake: hii inautaka, ile haiutaki kabisa. Ukilishika hilo, ukashika na zamu ya kila dawa, yaani nani anatangulia na nani anafuata, mengine utayazoea kwa mikono.

Onyo moja kwanza. Haya ni ya mazoezi. Kama una barua ya vitisho au mkataba wa shamba la Pongwe ambao mtu anakana kuwa aliwahi kuushika, usiuguse na dawa hata tone. Utie kwenye bahasha ya karatasi, andika ulipatikana wapi, lini na kwa nani, kisha uwaachie polisi wapeleke kwenye maabara yao. Dawa hizi zinaibadilisha karatasi moja kwa moja, na ushahidi uliochezewa na mwalimu wa kemia, hata kwa nia njema, wakili atauchana vipande mahakamani.

Jasho lina nini

Kiganja hakina tezi za mafuta. Kina tezi za jasho tu, na jasho lake ni maji kwa asilimia 98 au 99. Kinachobaki maji yakikauka ndicho mtaji wetu: chumvi, asidi amino, urea na vingine vidogo vidogo. Mafuta yanayokutwa kwenye alama yametoka kwingine. Mtu amejipangusa uso, amejikuna kichwa, au asubuhi amejipaka mafuta ya nazi.

Vitu hivi havikai kwenye karatasi kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua utumie dawa gani. Asidi amino hung'ang'ania selulosi ya karatasi na hazihami kirahisi. Karatasi ikitunzwa pakavu, alama inaweza kuibuliwa baada ya miaka mingi. Chumvi haitulii. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, inatembea ndani ya nyuzi, na mistari ya kidole inafifia na kuungana. Mafuta nayo hayajali maji: karatasi ikilowa, asidi amino na chumvi zinaondoka lakini mafuta yanabaki.

Kwa hiyo kabla hujafungua chupa yoyote, jiulize: karatasi hii imewahi kulowa? Jibu likiwa hapana, unafuata njia ya asidi amino. Likiwa ndiyo, unaruka moja kwa moja hadi kwenye dawa za mafuta na fedha. Hata jina la mtuhumiwa halina umuhimu mkubwa mezani kama jibu la swali hilo.

Hatua ya kwanza: tengeneza vipande vya kujifunzia

Kata karatasi ya daftari, karatasi nyeupe ya fotokopi, kipande cha boksi na kipande cha bahasha ya kaki. Kila kimoja kichorwe miraba sita kwa penseli, usitumie peni, maana wino wa peni utakuja kukimbia.

Mwanafunzi aoshe mikono kwa sabuni, akae karibu nusu saa akiendelea na shughuli zake bila kula, kisha agandamize dole gumba kwenye mraba wa kwanza, wa pili, hadi wa sita bila kujigusa popote katikati. Mraba wa kwanza utabeba jasho jingi, wa sita kidogo sana. Huo ndio mtihani wa dawa yako. Dawa inayoonyesha mraba wa kwanza peke yake bado haijakusaidia. Alama za mtaani hufanana zaidi na mraba wa nne au wa tano.

Tengeneza na kipande kisichoguswa kabisa. Kikitoka na rangi, ujue karatasi yenyewe au trei yako ina uchafu. Weka pia tone la myeyusho mwepesi wa asidi amino yoyote iliyopo maabara, glisini kwa mfano, kwenye kona ya kipande kingine. Kona hiyo isipogeuka rangi, dawa imekufa na hakuna haja ya kupoteza vipande vizuri.

Ukitaka kulinganisha dawa mbili, kata alama moja katikati kwa mkasi, nusu iende huku na nusu kule, halafu uziunganishe tena mwishoni. Ni ulinganisho wa haki kuliko kutumia vidole viwili tofauti, kwa sababu watu hawatoki jasho sawa. Wapo wanaoacha alama kila wanapogusa, na wapo ambao karatasi yao inatoka nyeupe pee.

Jambo la samaki usilipuuze. Aliyetoka kushika dagaa, maziwa au nyama ana protini na asidi amino vidoleni ambazo si za jasho lake. Ninhidrini, dawa kuu ya mwongozo huu tutakayoifikia hatua ya sita, haitofautishi, itapaka zambarau vyote, na damu pia. Alama itaonekana kali kuliko kawaida na darasa litadhani dawa ni ya ajabu.

Hatua ya pili: kushika na kutunza

Vaa glavu, na juu ya glavu bado tumia kibanio, ukikamata pembeni kabisa ambako huna haja napo. Glavu nyembamba ikilowa jasho kwa ndani kwenye joto la Februari hapa Tanga, vidole vyako vinaweza kuacha alama kupitia mpira. Badilisha mara kwa mara.

Vipande vitunzwe kwenye bahasha za karatasi, kamwe si kwenye mifuko ya nailoni. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu, na kwenye mji ambao asubuhi unyevu wa hewa hupita asilimia 80, siku chache zinatosha kuwapa ukungu nafasi. Ukungu nao unakula vile vile unavyovitafuta. Kama una sanduku lenye mfuniko wa kubana, weka ndani vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya na vifaa vya umeme. Masika yakiingia, usiache vipande juu ya meza usiku kucha na madirisha wazi.

Hatua ya tatu: tazama na upige picha

Wengi hupita hapa mbio. Zima taa, lete tochi, iangazishe karatasi kwa ubavu ukiwa umeiinamisha kidogo. Wakati mwingine alama ya mafuta au ya vumbi inaonekana bila dawa yoyote. Piga picha upande wa mbele na nyuma, pamoja na maandishi yote, rula ikiwa pembeni. Baada ya asetoni kupita hapo, sahihi ya wino huenda ikabaki doa la buluu, na picha hii ndiyo itakayokuonyesha ilivyokuwa.

Hatua ya nne: iodini, kama kuna haja

Iodini ni dawa ya zamani na shule nyingi zinayo. Punje zake zikipata joto kidogo zinageuka mvuke wa zambarau bila kupita kwenye hali ya kimiminika, na mvuke huo unashika kwenye mafuta ya alama na kuyapa rangi ya kahawia ya manjano. Weka punje chache kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko, ning'iniza karatasi ndani, pasha chombo kwa maji ya moto nje yake, na utazame.

Uzuri wake ni kwamba haiharibu: rangi inapotea yenyewe na karatasi iko tayari kwa dawa inayofuata. Ubaya wake ni huo huo, maana inapotea kabla hujatengeneza kamera. Piga picha hapo hapo. Wanaotaka ikae hupuliza myeyusho wa wanga, nayo inageuka buluu iliyokolea, ila wanga una maji na maji yanaziondoa asidi amino, kwa hiyo ukishaweka wanga umeifunga njia ya ninhidrini.

Mimi sipendi sana iodini kwa kazi hii. Inashika vizuri alama za siku chache tu, mvuke wake ni sumu na unaunguza macho na mapafu, na unakula mizani, mikasi na bawaba za kabati zote zilizo karibu. Kama maabara haina kabati la kuvuta hewa chafu, iache. Nimeitaja kwa sababu zamu yake iko kabla ya ninhidrini, si baada.

Hatua ya tano: dawa zinazong'aa

Maabara kubwa za uchunguzi hazianzi na ninhidrini. Zinaanza na moja kati ya dawa mbili, DFO au indanedioni, ambazo zikishikana na asidi amino hutengeneza kitu kinachong'aa ukikimulika kwa taa maalumu. DFO ilianza kutumika kwenye alama za vidole mwaka 1990, na 1,2-indanedioni ikafuata mwaka 1997 kutoka kwa wanakemia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mng'ao wake unaonyesha alama ambazo rangi ya kawaida haiwezi kuzifikia.

DFO ndiyo isiyotaka unyevu. Karatasi iliyochovywa inapaswa kukauka, kisha kuokwa kwa joto kavu la nyuzi 100 kwa dakika 20. Maji ya hewani yanavuruga mmenyuko wake katikati ya safari. Kwa hiyo kwenye masika ya Tanga, karatasi iliyokuwa mezani tangu jana imekunywa unyevu kabla hujaanza, na oveni lazima ifanye kazi ya kukausha kwanza.

Indanedioni ikiongezwa kloridi ya zinki kidogo huwa mvumilivu zaidi wa mabadiliko ya unyevu, na kwa pwani ningeichagua hiyo bila kusita. Kupasha joto kwake kuna njia mbili: oveni ya nyuzi 100 kwa dakika 10, au mgandamizo wa joto wa nyuzi 165 kwa sekunde 10. Mashine inayofaa kwa njia ya pili ni ya aina ile ile inayotumiwa na wachapaji wa fulana kubandika picha. Ukitembea barabara za Ngamiani utaikuta. Ukipata ya maabara yako, iwe ya maabara tu. Usiirudishe kwenye fulana za watu. Karatasi iwekwe katikati ya karatasi mbili safi ili dawa isigande kwenye bamba.

Baada ya joto, alama nzito huonekana waridi kwa macho matupu. Nyingine zote zinahitaji mwanga wa kijani wa karibu nanomita 520 hadi 530 na miwani ya rangi ya chungwa ya kuzuia mwanga huo. Miwani ya jua ya dukani haifai, na leza usiiangalie. Kama huna taa hiyo, ruka hatua hii. Dawa yenyewe ni ghali, na bila taa faida yake kubwa huioni.

Hatua ya sita: ninhidrini

Hii ndiyo kazi yenyewe kwa maabara ya shule. Siegfried Ruhemann aliitengeneza mwaka 1910 akiwa Cambridge, Uingereza, wakati akitafuta kitu kingine, na akaona inavyogeuka rangi inapokutana na asidi amino. Rangi hiyo hadi leo inaitwa zambarau ya Ruhemann. Hata hivyo hakuna aliyeileta kwenye alama za vidole hadi mwaka 1954, pale Odén na von Hofsten wa Sweden walipopendekeza. Kwa miaka 44 wanakemia waliitumia kutafuta asidi amino huku alama za vidole vyao wenyewe zikiwaharibia karatasi za majaribio.

Ninhidrini ni unga mweupe wenye umanjano kidogo. Kuna michanganyiko miwili inayofaa.

Wa kwanza ni rahisi: gramu 0.5 za ninhidrini ndani ya mililita 100 za asetoni. Koroga hadi iyeyuke yote, tia kwenye chupa ya kahawia, andika tarehe. Unafaa kwa vipande vya mazoezi visivyo na maandishi. Asetoni inakimbiza wino wa peni na wa mihuri, na mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi, sembuse hapa kwetu. Kusiwe na jiko, kiberiti wala pasi iliyowaka kwenye chumba hicho.

Wa pili ni wa karatasi zenye maandishi. Yeyusha gramu 5 za ninhidrini kwenye mililita 45 za ethanoli isiyo na maji, ongeza mililita 2 za ethili asetati na mililita 5 za asidi asetiki kali. Huo ni mchanganyiko mzito wa takriban mililita 52. Umimine wote kwenye lita moja ya kiyeyusho kisichokimbiza wino. Maabara kubwa hutumia HFE7100, ambayo haiwaki moto na inakauka haraka. Wengine walizoea etha ya petroli, ambayo nayo haigusi wino sana, lakini hatari yake ya moto inalingana na ya petroli yenyewe. Asidi asetiki imo humo kwa sababu karatasi nyingi za kisasa zina chokaa ndani, na mmenyuko huu unapenda uchachu kidogo.

Kununua kemikali hizi kuna utaratibu. Waagizaji na wauzaji wa kemikali husajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe cheti chake na akupe karatasi ya usalama ya kila chupa. Chupa isiyo na lebo usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Sasa kuchovya. Mimina dawa kwenye trei ya kioo au bati lisilo na kutu, kina cha sentimita moja kinatosha. Kamata kipande kwa kibanio, kipitishe kwenye dawa kwa sekunde mbili au tatu, kitoe, kiache kidondoke, kisha kitundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo mahali penye hewa na giza. Usikiloweke. Dawa ikikaa muda mrefu inaanza kuhamisha kile ulichokuja kukitafuta. Ikibaki kwenye trei usiirudishe kwenye chupa kuu.

Kipande kikikauka kabisa na harufu ya kiyeyusho ikaisha, una njia tatu.

Njia ya subira: funga vipande kwenye bahasha ya karatasi, weka droo yenye giza, subiri saa 24 hadi 48. Kwa Tanga hii ndiyo ninayoipenda. Maabara za ng'ambo hununua makabati ya kuweka nyuzi 80 na unyevu wa asilimia 65 kwa dakika chache, lakini joto la chumba chetu na unyevu wetu vinafanya kazi hiyo hiyo polepole, na alama inatoka safi. Ila chumba chenye kiyoyozi kisiwe ndicho cha kutunzia. Kiyoyozi kinakausha hewa na siku mbili zinaweza kupita bila kitu.

Njia ya haraka: pasi ya mvuke. Weka kipande juu ya kitambaa safi, shika pasi sentimita tatu au nne juu yake ikitoa mvuke, sogeza taratibu. Isiguse karatasi, na isidondoshe maji. Tone moja la maji likianguka kwenye alama, pale linapoangukia mistari inatawanyika kama wino wa muhuri uliolowa. Na nirudie: pasi iwashwe baada ya asetoni kwisha kabisa, katika chumba kingine.

Njia ya tatu ni oveni yenye bakuli la maji ndani, nyuzi 80, dakika mbili hadi tano, ukichungulia. Ukizidisha, karatasi nzima inapata uwaridi na alama hafifu zinamezwa na mandharinyuma.

Ukitazama kwa kioo cha kukuza wakati rangi inatoka, utaona kitu ambacho hakimo kwenye picha za vitabuni. Haianzi mistari. Vinaanza vidoa, kimoja kimoja, vimejipanga safu: ni vitundu vya jasho vilivyo juu ya mistari ya kidole, ambako jasho lilikuwa jingi zaidi. Baadaye vidoa vinaungana, na ndipo mstari unaonekana, ukipinda kwenye kitanzi au kuzunguka kwenye kitovu. Kwenye daftari lililotumika, usishangae kona ya chini ya kila ukurasa kugeuka zambarau tupu. Ni pale kidole kinapofungulia karatasi siku zote, alama juu ya alama, na hakuna atakayeisoma.

Rangi haidumu ikiachwa kwenye mwanga. Itunze gizani na upige picha ndani ya siku chache. Ukiigusa dawa kwa kidole kitupu utatembea na ncha za zambarau kwa siku kadhaa, na hakuna sabuni ya kuitoa. Jambo dogo, lakini wazazi wanauliza.

Karatasi iliyolowa

Barua iliyonyeshewa au karatasi iliyovuka na jahazi kutoka Pemba ikapigwa na maji ya bahari haina asidi amino za kutafuta. Ikaushe kwa hewa ya kawaida, si juani wala kwa pasi, halafu kuna dawa mbili zinazoyafuata mafuta na mabaki yasiyoyeyuka kwenye maji.

Ya kwanza ni rangi nyekundu ya mafuta inayoitwa Oil Red O, iliyoletwa kwenye fani hii mwaka 2004 na Alexandre Beaudoin wa Kanada. Karatasi inakaa kwenye rangi kwa saa moja hadi moja na nusu, kisha inasuuzwa, na alama inabaki nyekundu juu ya mandharinyuma ya waridi. Alama mbichi zinapokea vizuri, za zamani kidogo sana.

Ya pili ni ya fedha na chuma, ambayo huwa ya mwisho kwa zamu zote kwa sababu baada yake hakuna kingine kinachowezekana. Kanuni yake: nitrati ya fedha iko pamoja na chumvi za chuma na asidi sitriki katika mizani nyeti, kiasi kwamba fedha iko tayari kuganda lakini haigandi hadi ipate mahali pa kushika. Mabaki ya alama ndiyo yanayoipa pa kushika, na alama inatokea kijivu hadi nyeusi. Kabla ya hapo karatasi lazima iogeshwe kwenye myeyusho wa asidi maleiki. Utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye karatasi: ni chokaa ya kiwandani ikigeuka gesi ya kaboni dioksidi. Subiri vipovu viishe. Chokaa ikibaki, karatasi nzima itageuka nyeusi. Trei ziwe za kioo zisizo na mkwaruzo, na vibanio visiwe vya chuma. Sishauri shule iifanye. Viwango vyake havisamehe.

Shule zenye nitrati ya fedha hupenda kujaribu njia ya kale, ya kuipaka yenyewe ili ishike kloridi ya chumvi ya jasho na kugeuka nyeusi kwenye mwanga. Inafanya kazi kwenye alama mbichi, na kwenye mbao zisizopakwa rangi inafaa. Lakini kwa pwani ina matatizo mawili. Chumvi ya alama inatembea haraka kwenye unyevu wetu, na karatasi iliyoguswa na maji ya bahari imejaa kloridi kila mahali. Hata maji ya kutengenezea dawa ni mtego. Chukua maji ya kisima chenye chumvi, dondoshea matone mawili ya nitrati ya fedha, na yatageuka meupe kama tui papo hapo. Fedha yote imeishia hapo. Lazima yawe maji yaliyotoneshwa, na "maji ya betri" ya gereji usiyaamini bila kusoma lebo, kwa kuwa chupa nyingine ni tindikali.

Karatasi zenye vituko

Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na nyingi za mashine za kadi, si karatasi ya kawaida. Upande mmoja umepakwa dawa inayogeuka nyeusi kwa joto. Ndivyo zinavyochapwa bila wino. Asetoni na ethanoli vinaigeuza nyeusi vilevile. Kwa hiyo mchanganyiko wa kwanza wa ninhidrini ukiugusa upande huo, risiti yote inakuwa kiza kabla hujakiweka kibanio chini, na pasi ya mvuke inafanya vivyo hivyo. Mchanganyiko wa HFE7100 una nafuu, lakini nao una ethanoli kidogo, kwa hiyo ujaribu kwanza kwenye kona isiyo na kazi, bila joto lolote, na subira ya droo. Ukijaribu kwenye risiti ya dukani, tenganisha kwanza zile ambazo mwenye duka anazihitaji kwa mahesabu ya kodi.

Noti za benki ziache. Zimeshikwa na mamia ya mikono, na kuharibu noti ni kosa.

Boksi hunywa dawa nyingi na hukauka polepole. Lipe muda mara mbili. Jarida lenye karatasi ya kung'aa liko katikati, linafyonza kidogo tu, na ninhidrini hapo hutoa matokeo ya kubahatisha.

Picha ya mwisho na kumbukumbu

Zambarau ya Ruhemann inafyonza sana mwanga wa kijani na wa manjano. Tumia ujuzi huo: weka balbu ya kijani, au chujio la kijani mbele ya kamera, kisha geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Alama iliyokuwa hafifu itaiva. Kamera iwe juu kabisa ya karatasi, imesimama wima, na rula iwe usawa mmoja na alama. Simu inatosha kwa mazoezi, mradi iegemee kwenye kitu, mikono haitulii.

Andika kwa kila kipande: karatasi ya aina gani, dawa gani kwa zamu ipi, saa ya kuchovya, saa ya kutazama, joto na hali ya hewa ya siku hiyo. Kaskazi kavu ya Januari na mvua za Aprili hazitoi matokeo sawa, na mwaka ukizunguka utakuwa na jedwali linaloifaa Tanga kuliko la kitabu.

Unapoandika hitimisho, andika kwamba kidole hiki kiliigusa karatasi hii, basi. Alama haisemi kiligusa lini wala kwa nini. Karani aliyeuza karatasi, mtoto aliyeileta, mwenyekiti wa mtaa aliyeipiga muhuri, wote watakuwepo.

Mabaki

Asetoni na etha iliyobaki usiimwage kwenye sinki wala shimoni. Kusanya kwenye chupa ya kioo yenye lebo, weka mbali na moto, na uwaulize watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali namna ya kuiteketeza. Maji yenye fedha yatie chumvi ya mezani hadi yasiongeze utando mweupe, yaache yatulie usiku mmoja, chuja kwa karatasi, na tope hilo lihifadhiwe kwenye kopo lake. Glavu na vitambaa vilivyogusa ninhidrini vifungwe kwenye mfuko wao peke yake. Meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na kesho yake iangalie tena: kama kuna mkono wa zambarau umejichora kwenye mbao, mtu alivua glavu mapema.